Mgongo Usiosikia

Kufikia saa tano asubuhi skida namba saba ilipaswa kuwa imejizima. Haikujizima. Iliendelea kupandisha mlima ikiburuta magogo manne ya msonobari kwa waya wa chuma, ikiruka juu ya visiki na kutua kwa kishindo ambacho Oresta Kaduma alikisikia hadi kwenye nyayo, ingawa alikuwa amesimama hatua hamsini kutoka ilipopita.

Kazi ya Oresta katika Shamba la Miti la Lyangembe ilikuwa kupima mtetemo unaoingia katika miili ya maopareta. Asubuhi ile alikuwa amechomeka chini ya mto wa kiti cha skida namba saba pedi ya mpira yenye kihisi ndani, kifaa cha kizamani alichotoka nacho chuoni. Hakuwa akitafuta kosa. Alitaka tu kujua kama springi mpya za kiti zilifaa. Sasa kishkwambi alichoshika kilimwonyesha namba mbili zisizokubaliana. Pedi ilisema siku ya opareta, yaani mtetemo wote anaoruhusiwa kwa siku, imejaa tangu saa tatu na nusu. Kihesabio kilisema haijafika hata theluthi.

Kihesabio ndicho kilichokuwa sheria. Kila opareta nchini alipandikizwa kidude hicho, chembamba kama sarafu, chini ya ngozi ya kiunoni. Kilisikiliza mishipa ya fahamu ya mgongo, kikajumlisha kila mshtuko, na siku ya mtu ilipojaa kiliiambia mashine yake. Mashine ilipunguza mwendo, ikasogea pembeni, ikazima, na hapakuwa na meneja wala fundi aliyeweza kuiwasha hadi kesho yake. Sheria ile ilipita Oresta akiwa darasa la sita. Ulikuwa mwaka uleule baba yake, aliyeendesha skida miaka kumi na tisa, alipoachishwa kazi akiwa hawezi kuinama kuvaa viatu vyake.

Alibadilisha pedi, akidhani ni mbovu. Ya pili ikasema vilevile. Saa saba, maopareta walipokuwa wakila, alimwita mwenye skida namba saba pembeni. Aliitwa Onesmo Luvanda, mume wa dada yake Felista, mtu wa miaka arobaini na miwili mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Alimwomba kitu kimoja: avue mkanda wa kuzuia maumivu aliouvaa kiunoni, aendeshe dakika kumi tu, kisha ashuke.

Onesmo alisita, akavua. Dakika kumi baadaye alishuka akishikilia ngazi kwa mikono yote miwili, jasho limemtoka usoni katika baridi ile ya mwezi wa nane, midomo imebadilika rangi. Kwenye kishkwambi, kwa dakika zile kumi, namba za kihesabio na za pedi zilikuwa zimepanda pamoja, bega kwa bega.

Onesmo aliufunga mkanda wake haraka, akavuta pumzi, akarudi kwenye chakula chake. Oresta alibaki pale barabarani. Alikuwa ameshaelewa.

Mikanda ile iliingia shambani mwanzoni mwa kiangazi, sitini na minne, mmoja kwa kila opareta. Ilikuwa ya kitambaa cheusi, myembamba, na ndani yake mlikuwa na vidoti vya umeme vilivyogusa ngozi. Mshtuko ulipopanda kutoka kwenye kiti, mkanda uliuwahi na kutuma katika mishipa ya fahamu mpigo ulio kinyume chake, wenye nguvu ileile, ili viwili hivyo vikutane na kufutana. Ubongo haukupata habari, wala ya mshtuko wala ya maumivu ya zamani, na ndiyo maana watu waliivaa hata nyumbani. Na kwa kuwa kihesabio nacho kilisikiliza mishipa ileile, nacho hakikupata habari. Lakini mfupa si mshipa. Mfupa uliupokea mshtuko wote.

Aliyeipokea mikanda ile kwa niaba ya shamba alikuwa Oresta mwenyewe. Aliwavisha watu sita, akawakalisha kwenye meza ya kutetemesha kule karakana, akawauliza mmoja mmoja wanajisikiaje. Wote walisema vizuri. Mmoja alisema anajisikia kama aliyezaliwa jana. Pedi zilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka pale. Hakuzitoa. Aliweka sahihi.

*

Jioni ile hakwenda kwa meneja. Alikwenda kwa dada yake.

Alimkuta Onesmo akipigilia misumari kwenye uzio wa ng'ombe, amembeba mabegani binti yake wa mwisho. Felista alikuwa jikoni akipepeta ulezi, akiimba, na alipomwona mdogo wake alimwitikia salamu bila kuukatisha wimbo. Oresta alikuwa na muda mrefu hajamsikia akiimba.

Aliijua nyumba hii ilivyokuwa kabla ya mikanda. Kihesabio kilimpunguzia Onesmo madhara, lakini hakikumwondolea miaka aliyokwisha kuikalia. Alikuwa analala sakafuni kwa sababu godoro lilimtesa. Kanisani alisimama wakati wengine wamepiga magoti, na watu walianza kumwona mwenye kiburi. Felista ndiye aliyemfunga kamba za viatu kila alfajiri, amechuchumaa kizingitini, na wote wawili walijifanya ni jambo la kawaida. Baada ya mkanda, Onesmo alirudi kitandani. Jumapili ya kwanza aliyopiga magoti, Felista alilia ibada nzima, na walioketi karibu walidhani amefiwa.

Oresta alimsubiri amshushe mtoto. Kisha akamweleza yote, taratibu, kama anavyomweleza mtu anayeijua mashine: kwamba kwa miezi mitatu amekuwa akibeba mzigo wa siku mbili ndani ya siku moja, kwamba pingili za mgongo wake zinagongana kama zamani na zaidi ya zamani, kwa kuwa sasa hana sababu ya kupunguza mwendo anapofika kwenye kisiki. Alimwambia kesho ataandika ripoti kwenda kwa wakaguzi wa kazi, na mikanda itakusanywa.

Onesmo alisikiliza hadi mwisho. Akaweka nyundo juu ya nguzo.

"Shemeji," alisema, "ukiuchukua huu unanirudishia mgongo wangu wa zamani. Mimi siutaki."

"Mfupa unaumia hata kama wewe huumii."

"Basi na uumie bila kuniambia."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba maji. Kisha akamweleza mambo ambayo Oresta alikuwa anayajua ila hajawahi kuyasikia yakisemwa: jinsi maumivu yanavyomfanya mtu awe mkali kwa watoto wasio na kosa, jinsi alivyofika mahali pa kuogopa kikohozi chake mwenyewe. Alisema huu ndio mwaka wa kwanza, tangu aoe, kuwa mume ndani ya nyumba yake. Na kulikuwa na jingine. Kila mtu shambani alijua kwamba kampuni ina mashine nyingine, zisizo na kiti, zinazojiendesha zenyewe, na kwamba zimezuiwa na jambo moja tu: maopareta wa Lyangembe, tangu wavae mikanda, wanavuna zaidi kuliko mashine hizo.

Kisha akamwomba kitu kidogo. Mvua zikianza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, skida zote huegeshwa; mlima unakuwa utelezi. Asubiri hadi hapo. Watu wamalize msimu, wajipange, ndipo aandike.

"Miezi mitatu, shemeji. Nimekalia kiti hiki miaka kumi na minne. Miezi mitatu itanifanya nini?"

Oresta alitaka kujibu kwamba hajui, na kwamba kutojua huko ndiko kunakomtisha. Felista akatoka jikoni na kibuyu cha ulanzi na vikombe vitatu, akicheka jambo alilolikumbuka, akamwuliza mumewe kama amemwambia Oresta kuhusu harusi ya Jumamosi, watakakokwenda kucheza. Oresta alipokea kikombe. Alikunywa. Alipoondoka pale alikuwa ameshakubali, ingawa hakulitamka neno lenyewe.

*

Siku mbili baadaye alijaribu njia ya katikati. Alikwenda ofisini kwa meneja, Herman Kyando, akaanza kusema kwamba huenda kuna tofauti kati ya kinachosikiwa na kihesabio na kinachoingia mwilini. Hakuwa amefika mbali. Kyando, mtu mpole aliyewahi kuwa opareta naye, aliinuka akafunga mlango, akarudi kukaa.

Alimwambia makao makuu wana mipango miwili tu juu ya Lyangembe. Mmoja una mikanda ndani yake. Wa pili hauna watu ndani yake. Alisema hamtishi, anamweleza barabara zilizopo ili asije akadhani ipo ya tatu.

"Bado sijakusikia, fundi," alisema. "Ukiandika, nitasoma, na nikishasoma sitaweza kujifanya sijasoma. Usipoandika, hakuna cha kusoma."

Oresta aliandika. Aliandika kurasa tisa, namba zote zikiwa mahali pake, akaihifadhi ripoti kwenye kishkwambi bila kuituma popote.

Badala yake alifanya kazi kwa bidii ambayo hajawahi kuifanya. Alipunguza upepo kwenye matairi ya skida zote. Alidai springi mpya za viti akapewa. Alipita kwa maopareta mmoja mmoja akiwasihi wazunguke visiki, wasivipande, na wengine walimsikiliza kwa siku mbili tatu kabla ya kusahau, maana ni vigumu kukiogopa kisiki usichokisikia. Pedi zake zilionyesha mzigo umeshuka kidogo: badala ya siku mbili ndani ya moja, ikawa siku moja na nusu. Akajiambia kwamba hilo ni jambo. Jioni alikuwa akiifungua ripoti, akairekebisha sentensi moja, akaifunga.

Mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini alikuwa akiirekebisha. Haikuwa na makosa.

Na hakukosa vitu vya kumfariji. Harusini alimwona Onesmo akicheza na Felista hadi shati likaganda mgongoni. Alimwona Jenista Mgaya, opareta wa mashine ya kuvunia, mama wa watoto wanne aliyekuwa akitembea amejishika kiuno kama mwenye mimba ya mwezi wa tisa, akibeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Watu walimsalimia Oresta kwa furaha njiani. Walimwona kama yeye ndiye aliyewaletea mikanda. Kwa namna fulani ni kweli alikuwa yeye.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya Jumanne, wiki moja kabla ya tarehe iliyotarajiwa, na ikakatika. Jumatano jua liliwaka. Kyando aliwaambia maopareta wamalizie magogo yaliyobaki eneo la kumi na mbili, ndipo skida ziegeshwe.

Mnamo saa nne asubuhi waya wa skida namba saba ulinasa kwenye kisiki. Onesmo alisimamisha mashine, akafungua mlango wa kabini ili ashuke akaunasue. Alikanyaga ngazi ya kwanza, akakanyaga ya pili. Jenista, aliyekuwa juu kidogo ya mlima, alisema baadaye kwamba hakuanguka kama mtu aliyeteleza. Alishuka kama nguo inayodondoka kwenye kamba.

Oresta alipofika alimkuta amekaa kwenye tope, ameegemea gurudumu, kofia yake ya kazi iko pembeni. Alikuwa akitabasamu, tabasamu la mtu aliyeaibika.

"Kamwene, shemeji," alimsalimu. "Miguu imegoma."

Oresta alipiga magoti. Alimwuliza anaumwa wapi, akajibu hakuna. Alimbinya paja, goti, kifundo, akimwuliza kila mahali. Onesmo alikuwa akiutazama mkono wake kama unabinya kitu cha mtu mwingine.

Ndipo Oresta alipofanya jambo ambalo moyo wake haujaliacha. Aliingiza mikono chini ya shati la Onesmo, akafungua kifungo cha mkanda, akauvuta wote, akautupa kwenye majani. Alijua kitakachofuata. Alikuwa amekiona mwezi wa nane: jasho, midomo, mikono inayotafuta pa kushika. Alikitaka. Alimshika Onesmo mabega akasubiri maumivu yaje.

Hayakuja.

"Bado?" aliuliza.

"Bado."

Walisubiri pamoja. Mashine ilikuwa ingali inanguruma juu yao. Hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuizima. Jenista alisimama pembeni ameshika kichwa. Baada ya muda lile tabasamu la Onesmo lilianza kumtoka, taratibu, na Oresta akaona kwamba naye sasa ameelewa kile walichokuwa wanakisubiri, na kwamba hakipo.

"Shemeji," alisema, "nisikie hata kidogo tu."

*

Hospitali ya mkoa walimpiga picha. Daktari, mwanamke kijana aliyechoka, alimwonyesha Oresta kwenye kioo kwa sababu Oresta alimwomba amwonyeshe. Pingili mbili za chini zilikuwa zimekandamizwa hadi zikawa bapa upande wa mbele. Gegedu iliyo kati yake, ile inayofanya kazi ya mto, ilikuwa imesukumwa nje na kuziba njia ya mishipa. Hayakuwa madhara ya siku moja. Yalianza wiki nyingi nyuma, ufa baada ya ufa.

Daktari alisema kitu kinachomshangaza ni kwamba mgonjwa hakuja mapema. Mgongo ulioanza kuvunjika namna hii haumwachi mtu alale; wiki ya kwanza tu angekuwa amekuja akitambaa, wangemlaza, na katika hatua ile kuna mengi ya kufanya. Alimwuliza Oresta kama mgonjwa alikuwa akinywa dawa kali za maumivu. Oresta alijibu kwamba hakuwa akinywa dawa yoyote. Halafu akamweleza juu ya mkanda, na alipokuwa akieleza aliona daktari ameacha kuandika.

Felista alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kitenge kimemzunguka, viganja vimefungana. Oresta alikaa karibu naye. Angeweza kungoja. Palikuwa na sababu nyingi za kungoja, na zote zilikuwa na sura ya huruma, kama zile nyingine zilivyokuwa. Alimwambia hapohapo.

Alimwambia kwamba alijua tangu mwezi wa nane. Kwamba ripoti ilikuwa tayari, na kwamba aliinyamazia.

Felista hakugeuka. Alimfuata kwa macho muuguzi aliyekuwa akisukuma kitanda, hadi akaishia mwisho wa ukumbi.

"Na yeye alijua?"

"Alijua, dada."

"Ile siku nilipowaletea ulanzi."

"Siku ileile."

Felista alitikisa kichwa kama anayekubaliana na jambo alilosomewa.

"Basi mlijua wawili," alisema, "na mimi nilikuwa nafurahi."

Oresta alitoka nje, akasimama chini ya paa la banda la magari ya wagonjwa, akafungua kishkwambi, akaituma ripoti kwa wakaguzi wa kazi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuwasha jiko. Kabla ya kuituma alikuwa ameongeza ukurasa wa kumi, akaeleza ni lini alijua na nani mwingine alijua. Jina la Kyando aliliandika pamoja na maneno yaleyale aliyoyasema mwenyewe. La Onesmo aliliandika, akalifuta, akaliandika tena, kwa sababu alikuwa amechoka na kufuta.

*

Amri ilikuja baada ya siku tano. Mikanda yote ivuliwe, shamba lisimame, maopareta wote wapigwe picha za mgongo. Wakaguzi walipendekeza waivue wao, lakini Oresta aliomba kazi hiyo apewe yeye. Waliona anajiadhibu, na labda walikuwa sahihi, lakini yeye alikuwa na sababu nyingine. Hakutaka watu wale wavuliwe na mtu asiyewajua majina.

Wakakusanyika karakana, sitini na watatu. Alisimama mbele yao akawaambia aliyoyajua na tangu lini. Hakuna aliyempigia kelele. Wachache walimtazama, wengi walitazama chini. Mzee mmoja wa mashine ya kupakia alisema kwa sauti ya kawaida kwamba angeyasema mwezi wa nane wangemfukuza shambani kwa mawe, na kwamba hilo haliondoi kosa lake. Kisha wakapanga foleni.

Alikuwa akifungua mkanda mmoja, akauweka kwenye sanduku, akamwachia mtu muda. Wengine walipokea maumivu yao kimya, kwa kukunja uso, kama wanaopokea mgeni wasiyempenda ila wanamfahamu. Wengine walitafuta ukuta. Wawili hawakusikia kitu, na hao ndio aliowaandikia wapelekwe hospitali asubuhi ileile. Baadaye alikuja kuambiwa kwamba wamewahiwa.

Jenista Mgaya alikuwa karibu na mwisho. Mkanda ulipotoka alikaa kwanza kwenye rundo la mbao, polepole, akijishika kwa nyuma. Akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, akipumua kwa mdomo kama mzazi wodini, na alipofumbua aliutafuta uso wa Oresta.

"Nipe mpaka nifike nyumbani tu," alisema. "Nikifika nakurudishia. Watoto wasinione hivi."

Sanduku lilikuwa wazi kati yao. Mkanda wa Jenista ulikuwa juu ya mingine, bado una joto la mwili wake.

Oresta alisema hapana. Alisema mara moja, kwa kuwa alijua akilisema kwa urefu atalibadilisha. Jenista aligeuza uso, na hakumsalimia tena hadi mwaka uliofuata. Oresta aliwamalizia watu wanne waliobaki, akalifunga sanduku, akaubeba mkoba wa Jenista na chupa yake ya chai, akamfuata nyuma hatua kumi hadi kwake, mwendo wa saa moja kwa njia ambayo mzima huitembea kwa dakika ishirini. Walipofika aliweka vitu kizingitini, akarudi.

*

Mashine zisizo na kiti zilikuja kiangazi kilichofuata. Zilikuwa kumi na nane. Zilipanda mlima bila haraka, zikazunguka kila kisiki, kwa sababu zilifundishwa na vihisi vyao kwamba kisiki kinauma chuma. Maopareta ishirini walibakizwa kuzihudumia. Wengine walikwenda kwenye vitalu vya miche, wengine kwenye chai, wengine wakarudi kulima viazi. Kyando alihamishwa. Oresta alifungiwa leseni yake ya ufundi miaka miwili, na ulipopita muda ule hakuomba kurudishiwa.

Alihamia kwa dada yake. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemfukuza. Alikuja na begi, akaanza kufanya kazi zilizokuwepo: kukamua, kuchota, kumgeuza Onesmo kitandani asije akatoka vidonda. Felista alianza kuzungumza naye kwanza kuhusu ng'ombe, kisha kuhusu watoto, na baada ya miezi saba kuhusu mambo mengine. Kuimba hakurudi.

Onesmo alipata hisia kidogo kwenye paja la kushoto. Miguu haikurudi. Kwenye kiti chake cha magurudumu alijifunza kuchonga mipini ya majembe, na alikuwa na mikono mizuri. Hakuwahi kumlaumu Oresta mbele ya watu, wala hakumruhusu mtu mwingine amlaumu, jambo lililokuwa zito kwa Oresta kuliko lawama.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu ukianza kuinuka, walikuwa wawili barazani. Onesmo alikuwa akipiga msasa mpini. Kwa mbali, upande wa msituni, mashine zilisikika zikivuna. Bila kuinua macho alisema kwamba kuna jambo amekuwa akitaka kumwambia ili lisimsumbue zaidi ya kiasi chake.

"Ungeandika ile siku ya kwanza," alisema, "ningekuchukia mpaka leo."

"Najua," Oresta alisema. "Ungenichukia ukiwa umesimama."

Onesmo aliacha kupiga msasa. Aliupitisha mpini kidole gumba, akapuliza vumbi. Kisha akamwomba amsogeze kidogo, pale jua lilipokuwa linafika.